Kuanza baiskeli ya barabarani ukubwani, hatua kwa hatua

Maswali ninayoulizwa na watu wazima wanaotaka kuanza baiskeli ni yale yale. Ninunue ipi? Makalio yataniuma mpaka lini? Magari nayafanyaje? Na nina miaka hamsini, si nimechelewa? Nimeyajibu kwa mtu mmoja mmoja kwa muda mrefu, sasa nimeona heri niyaweke mahali pamoja.

Hilo la mwisho nalijibu hapa hapa: hujachelewa. Miguu ya mtu wa miaka 50 inajifunza, tena upesi. Karibu wote niliowaona wakiacha baada ya mwezi hawakuachishwa na miguu. Waliachishwa na goti lililouma kwa sababu kiti kilikuwa chini, na mikono iliyokufa ganzi, au na lori moja lililowapita karibu siku ya pili. Mambo hayo yana dawa, na sehemu kubwa ya dawa yenyewe inafanyika kabla hujatoka mlangoni.

Ninaandika kwa mtu anayeweza kukaa juu ya baiskeli bila kuanguka. Kama hujawahi kabisa, shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini, fungua pedali uziweke kando, kisha jisukume kwa miguu kwenye uwanja tambarare. Siku utakapoteleza mita 20 bila kugusa chini, rudisha pedali. Angalia sana: pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume, inafunguka ukiizungusha kufuata mwendo wa saa. Watu wengi huiharibu kwa kuilazimisha.

Na kama una tatizo la moyo, presha au kisukari, au ni miaka mingi hujatoka jasho, mwone daktari kwanza.

Vitu vya kuwa navyo

Baiskeli yenyewe. Kwa miezi mitatu ya mwanzo, baiskeli yoyote inayokutosha, yenye breki mbili zinazokamata na magurudumu yasiyoyumba, inafaa. Ukiamua kununua ile ya barabarani, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, tazama mambo matatu. Kwanza fremu: simama bomba la juu likiwa katikati ya miguu yako, kati yake na msamba pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Baiskeli iliyokuzidi ukubwa haina tiba, iliyo ndogo kidogo inarekebishika. Pili matairi: chukua yenye upana wa milimita 28 au 32, usidanganywe na wembamba. Tatu gia nyepesi: kule mbele sahani ndogo iwe na meno 34 hivi, na nyuma gia kubwa iwe na 32 au 34. Utazihitaji kwenye vilima, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

Ukinunua iliyokwisha tumika, pitisha kidole kwenye viungo vyote vya fremu kutafuta ufa, hasa ikiwa ni ya kaboni. Ufa kwenye kaboni unatosha kuiacha hapo hapo.

Mengine ni haya:

- Helmeti yenye alama ya kiwango, kwa mfano EN 1078 au CPSC. Ikishaanguka nawe ukaigonga, ibadilishe hata kama haionyeshi kitu.
- Taa nyeupe ya mbele na nyekundu ya nyuma.
- Pampu kubwa ya nyumbani yenye mita ya kusomea upepo.
- Mfuko mdogo wa safari: tyubu moja ya akiba, vijiti viwili vya kutolea tairi, viraka na gundi yake, pampu ndogo, na spana za alen.
- Chupa ya maji na kishikio chake kwenye fremu.
- Kaptura ya baiskeli yenye pedi. Huvaliwa bila chupi ndani, maana mishono ya chupi ndiyo inayochubua.
- Miwani ya kuzuia wadudu na vumbi.

Viatu vinavyojifunga kwenye pedali, magurudumu mepesi na vifaa vya kupima nguvu, viache. Miezi sita kutoka sasa utajua mwenyewe kama unavitaka.

Hatua

1. Panga kiti. Hapa usiwe na haraka, kwa kuwa nusu ya maumivu yote yanaanzia hapa. Iegemeze baiskeli ukutani, panda, vaa viatu utakavyoendeshea. Zungusha pedali moja mpaka ifike chini kabisa, kisha weka kisigino juu yake. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande huo. Ukiona goti limebaki limekunjwa, pandisha kiti. Ukilazimika kunyoosha vidole kuifikia pedali, kishushe kiti. Sasa rudisha mguu mahali pake, ile sehemu pana ya wayo nyuma ya vidole iwe juu ya pedali. Goti litakunjika kidogo tu, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kilale sawa, kisiinue wala kuinamisha pua. Piga alama kwa kalamu kwenye nguzo ya kiti, ili kikishuka ujue. Nguzo hiyo ina mstari wa mwisho wa kuvuta, usiuvuke.

Mimi nilipanda miezi miwili goti la kulia likiniuma mbele, chini ya pia ya goti. Nilipaka dawa, nikafunga mkanda, nikajiambia ni umri. Fundi mmoja alinitazama nikizunguka uani mara moja tu, akapandisha kiti sentimita tatu. Wiki iliyofuata goti lilikuwa kimya. Tangu hapo mtu akiniambia anaumwa goti, siulizi ameendesha umbali gani. Naomba kuona kiti chake.

*Kosa la kawaida:* kuweka kiti chini ili miguu yote ikanyage chini ukiwa umekaa. Hiyo ni ya siku ya kujifunza kusimama. Ukishajua, unaposimama unatoka kwenye kiti na kushuka mbele yake.

2. Panga mikono. Ukishika usukani, viwiko vibaki vimelegea, mabega yasipande masikioni. Usukani wa barabarani una mahali patatu pa kushika: juu palipo tambarare, kwenye vichwa vya breki, na chini kwenye pembe. Kaa zaidi kwenye vichwa vya breki, na badili kila dakika chache. Kama unalazimika kujinyoosha mpaka viwiko vinakakamaa, kile kipande kinachoshika usukani ni kirefu. Fundi anaweza kuweka kifupi.

3. Jaza upepo. Tairi la baiskeli hupoteza upepo hata likikaa tu, kwa hiyo lipime angalau mara moja kwa wiki. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiwango cha juu kabisa. Hicho ni kikomo, wala si kiwango cha kujazia. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 28, anza na psi 70 hivi (psi ni kipimo cha upepo unachokisoma kwenye mita ya pampu), nyuma zaidi kidogo kuliko mbele kwa sababu uzito wako mwingi uko nyuma. Mzito aongeze, mwepesi apunguze. Tairi gumu kupita kiasi linarukaruka na kuuchosha mwili. Laini mno hupigwa na kona za mashimo, na tyubu hupasuka matundu mawili yanayofanana na meno ya nyoka.

Valvu nyembamba ina kinati kidogo juu. Kilegeze, kibonyeze kidogo mpaka usikie upepo ukitoka, ndipo uweke pampu.

4. Kagua kila unapotoka. Ni nusu dakika. Bonyeza matairi. Kamata breki moja moja huku ukisukuma baiskeli: ya mbele inyanyue gurudumu la nyuma, ya nyuma ilifanye liburute. Zungusha pedali kinyumenyume usikilize cheni. Hakikisha magurudumu yamefungwa. Kisha inyanyue baiskeli sentimita kumi na uiachie. Kitu kilicholegea kitasema.

5. Jifunze uwanjani kwanza. Tafuta mahali peupe pasipo magari, tumia siku mbili au tatu, na usitoke mpaka haya manne yawe rahisi:

- Kusimama kwa breki zote mbili. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, lakini ukiikamata ghafla peke yake inaweza kukurusha. Kamata zote mbili, ongeza nguvu polepole, rudisha makalio nyuma ya kiti.
- Kuendesha kwa mkono mmoja kwenye mstari ulionyooka. Bila hili huwezi kuonyesha ishara wala kunywa maji.
- Kutazama nyuma juu ya bega bila kupinda. Mwanzoni baiskeli hufuata macho. Legeza kiwiko cha upande wa pili, geuza kichwa na si mabega.
- Kuanza na kusimama: pedali moja iwe juu mbele, ikanyage, nyanyuka ukae.

6. Zielewe gia. Swichi moja inaamrisha meno ya mbele, nyingine ya nyuma. Nyuma, gia kubwa ni nyepesi. Mbele ni kinyume, sahani ndogo ndiyo nyepesi. Badilisha gia miguu ikizunguka, na punguza nguvu kidogo pale unapobonyeza. Kilima kikionekana, shusha gia kabla hujakifikia. Ukingoja mpaka umebanwa katikati ya mlima, cheni italia na huenda ikatoka. Epuka pia kuunganisha kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, au ndogo na ndogo. Cheni inapita mshazari na inalika upesi.

Zungusha miguu upesi kwa gia nyepesi kuliko kukanyaga polepole gia nzito. Hesabu goti la kulia linapopanda kwa sekunde 15: likipanda mara 20, unazunguka mara 80 kwa dakika. Hapo ni pazuri. Chini ya 60 kwenye tambarare, magoti ndiyo yanayolipa.

7. Safari ya kwanza iwe fupi mpaka ikukere. Dakika 30, njia unayoijua, saa yenye magari machache. Rudi ukiwa bado unataka kuendelea. Ambaye siku ya kwanza anakwenda kilomita 40 kwa furaha, kwa kawaida hupandi naye tena kwa wiki mbili.

8. Kaa vizuri barabarani. Endesha upande ule ule yanakoelekea magari, kamwe usiende kinyume. Usijibane ukingoni kabisa. Kuna mchanga, vioo na mifereji, na dereva anakuona kama umempa ruhusa ya kupita palipobana. Acha kama mita moja kutoka ukingoni, na zaidi ya mita moja unapopita magari yaliyoegeshwa, kwa sababu mlango hufunguka bila taarifa. Shika mstari wako. Kuyumba ndiko kunakomchanganya dereva. Unapotaka kubadili upande: tazama nyuma, onyesha mkono, tazama tena, kisha ingia.

Narudia hili kwa kila anayeanza: usijipenyeze kati ya lori au basi na ukingo wa barabara, hasa karibu na makutano. Dereva hakuoni, na gari refu linapokata kona sehemu yake ya nyuma hukata ndani zaidi ya ile ya mbele. Baki nyuma yake, mahali unapokiona kioo chake. Usipouona uso wa dereva kiooni, naye hakuoni.

Reli zivuke kwa pembe mraba. Mvua ikinyesha, mistari ya rangi na mifuniko ya chuma huteleza kama sabuni. Pita bila kukata kona wala kukamata breki juu yake. Masikio yaache wazi, bila muziki.

9. Kunywa na kula. Nusu lita ya maji kwa saa ni pa kuanzia, zaidi jua likiwaka. Safari isiyofika saa moja haihitaji chakula. Ukivuka saa moja na nusu, kula kitu cha wanga, gramu 30 hadi 60 kwa kila saa, na anza ndani ya saa ya kwanza kabla njaa haijabisha. Njaa ya baiskeli ikishafika, miguu inakuwa mitupu na kichwa kizito, na kuirudisha nguvu njiani ni kazi.

10. Vilima na miteremko. Kupanda ni suala la subira: gia nyepesi, pumzi ndefu, mikono imelegea, macho mita kumi mbele na si kileleni. Kushuka ndiko kunakotaka uangalifu. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unakaribia kuongezeka mara nne. Shika pembe za chini, maana huko vidole vinazikamata breki kwa nguvu zaidi. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiingia uwe umeshaachia. Pedali ya upande wa nje iwe chini na uikanyage, ya ndani iwe juu isije ikagonga lami. Tazama unakotaka kutokea. Baiskeli itakwenda huko.

11. Ongeza polepole. Wiki mbili za mwanzo, mara tatu kwa wiki, nusu saa kila mara. Wiki ya tatu na ya nne, safari moja kati ya hizo ifike saa nzima. Ukienda hivyo, kufikia wiki ya nane saa mbili zinawezekana kwa watu wengi. Kipimo cha kasi ni mdomo wako: ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, uko sawa. Safari nyingi ziwe hivyo. Siku za kupumzika ni sehemu ya mazoezi, usizijaze.

12. Ziba pancha nyumbani kabla haijakupata njiani. Fanya mara moja sebuleni, kwa utulivu. Weka gia ndogo ya nyuma, toa gurudumu, maliza upepo wote. Ingiza kijiti chini ya ukingo wa tairi mkabala na valvu, nyanyua, ingiza cha pili, zungusha. Toa tyubu.

Sasa ndio mahali watu wanapokosea: wanaweka tyubu mpya na kuondoka, na baada ya mita mia mbili iko chini tena. Mwiba bado uko ndani ya tairi. Ijaze ile tyubu ya zamani, ipitishe karibu na mdomo, ambao unahisi upepo kuliko mkono. Ukipata tundu, ilaze tyubu juu ya tairi kama ilivyokuwa, valvu kwa valvu, utajua ni sehemu gani ya kutafuta. Kisha pitisha ncha za vidole ndani ya tairi taratibu, ukizunguka lote, maana kipande cha waya kinaweza kuwa chembamba kama unywele na kikakuchoma kabla hujakiona. Kitoe kwa nje. Ndipo uingize tyubu mpya yenye upepo kidogo tu, ishike umbo la duara, urudishe tairi kwa vidole gumba ukimalizia kwenye valvu. Kijiti usikitumie kurudishia, hubana tyubu na kuitoboa. Kabla ya kujaza, zunguka ukikagua pande zote mbili kwamba tyubu haichungulii.

Matunzo ya lazima

Ni cheni, basi. Ipanguse kwa kitambaa kila baada ya kilomita 200 hivi au baada ya mvua. Tia tone moja la mafuta ya cheni kwenye kila kiungo, zungusha, ngoja dakika kadhaa, kisha pangusa yote yaliyobaki nje. Mafuta yanayoonekana kwa nje yanakamata vumbi na kuwa msasa. Kama baiskeli ina breki za diski, tone lisiifikie diski. Baada ya miezi pima kwa rula: viungo 12 kamili (kila kimoja ni jozi, cha ndani na cha nje), kutoka pini hadi pini, ni inchi 12. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, badilisha cheni kabla haijala meno yote ya nyuma.

Yakikupata haya

*Goti linauma mbele:* mara nyingi kiti kiko chini au gia ni nzito. Pandisha milimita tano kwa wakati.

*Linauma nyuma, au nyonga zinayumba kulia na kushoto:* kiti kiko juu. Shusha milimita tano.

*Makalio yanauma:* wiki mbili tatu za kwanza ni kawaida. Yakizidi hapo, pengine kiti hakilingani na upana wa mifupa yako ya kukalia. Jaribu kingine kabla ya kununua kilaini zaidi, maana ulaini mwingi unabana nyama.

*Ganzi sehemu za siri:* hii usiivumilie. Nyanyuka kwenye kiti kila dakika kumi, inamisha pua ya kiti kidogo sana. Isipokwisha, badilisha kiti.

*Ganzi ya vidole:* unauegemea usukani. Badilisha mshiko, kunja viwiko, hakikisha pua ya kiti haikusukumi mbele.

*Gia inasitasita kupanda kwenye kubwa ya nyuma:* kuna kinati cha kuzungusha pale waya unapoingia kwenye mashine ya gia ya nyuma. Zungusha robo kinyume cha mwendo wa saa, jaribu, rudia. Ikizidi kuwa mbaya, rudi ulikotoka.

*Breki inalia:* safisha rimu au diski kwa spiriti na kitambaa safi. Ikiwa pedi za diski zimeingia mafuta, badilisha.

*Pancha kila wiki:* linganisha matundu. Yakiwa mahali pamoja upande wa nje, kuna kitu kwenye tairi. Yakiwa upande wa ndani, utepe unaofunika matundu ya spoki kwenye rimu umesogea.

*Hofu ya magari haiishi:* iheshimu, usijilazimishe. Rudi kwenye njia tulivu na saa za mapema. Kisha mwombe mtu aliyezoea aendeshe nyuma yako, si mbele, kwa safari tatu nne. Gari litamfikia yeye kwanza, nawe utasikia sauti yake ikikuambia linakuja, shika mstari.